Mkono wa Tatu

Sabiha,
daftari lako nimelimaliza Jumatano usiku,
mlango nimeutia komeo,
mwalimu mstaafu wa skuli hapa Wete
anasoma kwa tochi kama mwizi wa nazi.
Usicheke.

Nimekuta "tamu" mara arubaini na moja.
Nimezihesabu kwa kalamu nyekundu, ukoo wa ile
iliyomwangusha baba yako kwenye insha.
Nimekuta asumini mpaka jikoni,
na moyo unaodunda kwa kila apitaye,
hata kwa muuza mkate wa ufuta.

Na ukurasa wa kumi na tisa, mwanangu:
Nasri kamshika Shemsa kiuno kwa mikono yake miwili,
halafu, bila ya kumwachia, kazima taa.
Mkono wa tatu kautoa wapi?
Nilikwisha kuingia nao chumbani,
nikabaki napapasa gizani natafuta mkono.
Atafutaye mkono hana tena haja ya busu.

Siku ile unaniletea, ushungi umeuvuta mpaka puani,
ulisema: "Mwalimu, haya watu hawayasomi kwa ufasaha.
Wanataka lile tu. Wakilifikia, wanafunga."
Nikakutilia chai.
Nusu nilikuamini.

Lakini na mimi niliwahi kuandikiwa.
Marehemu Hamdani, mwaka ule yuko Tanga kwenye mkonge,
alileta barua ya mistari minne,
wa tatu habari ya mvua.
Wa nne: "Leo nimekula embe bichi kwa chumvi,
nikalamba kiganja. Changu, si chako."
Basi. Hamna paja, hamna titi,
hamna neno la kumficha mama mkwe,
na mama mkwe ndiye aliyeifungua,
akaisoma kwa sauti, ukumbini, mbele ya wageni.
Nilichukua ndoo nikaenda kisimani,
na ndani mitungi imejaa.

Jana nilikwenda Jadida, hina ya mjukuu wa Bi Mize.
Kumbe ushatoa fotokopi hata sijakurudishia!
Wanawake kumi na wawili, miguu wameinyoosha ikauke,
mmoja anasoma.
Kwenye mkono wa tatu wakaangua kicheko,
"Huyo pweza!" akapiga kelele mtu,
ua la bibi harusi likachafuka kwenye kifundo.
Nikasema moyoni: umeona?

Akaendelea, akafika thelathini na mbili:
"Shemsa akamwambia ngonja.
Na kungoja kukaingia chumbani,
kukavua viatu, kukakaa baina yao."

Hakucheka mtu.
Kijiti cha Bi Mize kilisimama hewani, kinadondosha.
Yule ambaye mumewe yuko Maskati mwaka wa tatu
akautazama mguu wake
kana kwamba ni wa mtu mwengine.
Msomaji hakuambiwa arudie. Alirudia.

Nani alikufundisha hilo, Sabiha?
Si mimi. Mimi nilifundisha ngeli,
nilifundisha mkato na nukta,
nikaambiwa na wakubwa kuwa mapenzi
hayamo kwenye mtaala.

Basi daftari hili hapa. Limevuja damu, utaniwia radhi.
Asumini nimeing'oa, nimekuachia kikonyo kimoja.
"Tamu" zimebaki mbili, na moja ni ya chai.
Lakini hapo penye "ngonja", n imezidi,
mtoto wa darasa la pili anajua,
na kalamu imekwenda pale mara tatu ikarudi.
Nimeisoma kwa mdomo, peke yangu:
ngo, kisha ulimi unagota nyuma ya meno,
unakaa,
haujaamua.
Hiyo n ndiyo kungoja kwenyewe.
Nimeiacha. Akiuliza mtu, sema kapitiwa mwalimu, uzee.

Mkono wa tatu ukate mwenyewe.
Au mwambie Nasri
asizime taa.