Mubashara kutoka Soroti

Simu ya kituo ina ufa kwenye kona ya kioo
na chaji yake haifiki saa kumi.
Nilikabidhiwa kwa sahihi, kama bunduki:
jina, namba ya kazi, tarehe, hali ya chombo.
"Asekenye, wewe una kidole chepesi,"
alisema OC kwa Kiswahili cha paredi,
lugha ambayo mama yangu akiisikia usiku
bado huzima taa.

Ndiyo kazi yangu: nalisha ukurasa.
Asubuhi, ng'ombe waliopatikana Katine.
Mchana, onyo kwa bodaboda.
Jioni, afande anapanda mti shuleni,
mche mmoja, picha tisa.
Mioyo hupanda pembeni mwa kioo
kama povu la ajono chunguni,
na makao makuu hutupongeza kwa takwimu.

Jumanne walimleta Ekwaru.
Betri mbili za sola za zahanati zilikuwa zimepotea
na yeye alikuwa na toroli.
Ilitosha.
Wakamsimamisha mbele ya ukuta wa buluu,
betri miguuni pake
(si zile; hizi tuliziazima stoo).
Nikainua simu.
Vumbi lilikuwa limemganda tangu nyusi hadi kidevu.
Akaniambia kwa Kiteso, taratibu,
kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani:
"Dada, ngoja ninawe uso."
Nikamjibu kwa Kiswahili:
"Tuko mubashara."

Elfu mbili mia nne walitazama.
Mmoja akaandika, mchomeni.
Mwingine, sura yenyewe ya wizi.
Mwingine akauliza toroli inauzwa bei gani.
Na mioyo, mioyo myekundu,
ikimpita juu ya macho.

Siku ya kumi na moja betri zikaonekana
kwa shemeji wa mlinzi wa zahanati, chini ya kitanda.
Ekwaru akatolewa mlango wa nyuma,
mkanda wake mkononi, kiatu kimoja bila kamba.
Nikauliza kama niandike.
OC hakuinua macho kwenye chai:
"Ukurasa haukufunguliwa
kwa ajili ya watu kwenda nyumbani."

Jumamosi alikuja kwangu, kwenye yuniporti,
banda la bati la duara
ambamo kijiko kikigonga kikombe
kambi nzima inajua umeongeza sukari.
Hakufoka.
Alisema mwanawe yuko darasa la tatu,
na wakati wa mapumziko wenzake wanajipaka vumbi,
wanasema "ngoja ninawe uso,"
kisha wanaanguka kwa kicheko.

Nikaifuta. Mbele yake nikaifuta.
Lakini maji yakimwagika angalau hukauka.
Hii ilishachotwa na simu mia,
ikatiwa muziki, ikatiwa maandishi ya njano,
imefika Kumi, imefika Amuria,
binamu yake ameiona akiwa Juba.
Tukakaa kimya kitambo.
Kisha akaomba beseni.

Alinawa kama mtu wa kwenda kanisani:
nyuma ya masikio, shingoni, puani.
Akajifuta kwa kitenge changu.
Nikachukua simu ya kituo, chaji asilimia sita,
na mkono ambao haukutetemeka Jumanne ile
sasa ukatetemeka.
Nikamwambia kwa Kiteso kwamba tuko mubashara.

"Naitwa Ekwaru Yokana," akasema.
"Nauza maji Opuyo. Toroli ni yangu.
Hii ndiyo sura yangu."
Akanyamaza, maana hakuwa na zaidi.

Watazamaji wanne.
Mmoja mama yake, nililiona jina.
Wawili siwajui.
Wa nne, mwenye picha ya kofia,
hakutuma moyo, hakuandika neno,
alikaa tu pale
mpaka simu ikazima.