Hesabu ya Walioruka

Masaka, Novemba, saa nane za usiku.
Lubwama kafunga balbu nne juu ya mabati mapya,
chini kapanga mapipa, kando kuna moshi wa nyasi mbichi.
Senene wanashuka kama mvua iliyokosea njia,
wanagonga bati, wanateleza,
tii, mpaka ndani.

"Na wewe," ananiuliza akijitanda shuka, "huko Makerere
unategea nini?"

Nami nina taa, shemeji, nina na madini yang'aayo.
Taa yangu ni leza, nyembamba kuliko sindano.
Bati langu ni punje za dhahabu zilizolala juu ya kioo,
ukucha wako ungebeba mamilioni.
Nuru ikizigusa, umeme wake unayumba huku na huko,
na pale punje mbili zikaribianapo zisigusane,
katika ufa usiotosha hata kivuli,
uga wa umeme unawaka makali.

"Makali kiasi gani?"

Ndilo swali. Mwaka wa tatu huu, ndilo swali.
Hakuna waya upenyao humo, wala saa yenye mshale.
Basi nahesabu elektroni zilizoiruka dhahabu,
kama wewe unavyohesabu magunia alfajiri
ukajua taa ilivuta vipi.
Nikiongeza mwanga mara mbili, zinaruka mara nane.

Akacheka hadi akakohoa.
"Mwaka jana niliongeza taa mara mbili.
Nilipata magunia yale yale na bili,
maana Ssebugwawo wa ng'ambo
naye kawasha kumi."

Hapo umeme ukakatika, kilima chote.
Hatukusema kitu. Gizani, mapipa yalikuwa yakikwaruza.

Jumatatu nimerudi maabara.
Kabla sijavaa glavu nimekishika kioo ukingoni,
na vidole bado vina mafuta ya senene
aliowakaanga Nakabiito kwa kitunguu.
Rangi ya dhahabu imehama nanomita nne
kuelekea wekundu.

Sampuli imeharibika, niitupe.
Sijaitupa. Nimeandika daftarini:
*nanomita nne; sababu, chakula cha dada;*
*kosa la kipimo, halijulikani.*