Kidole Hakisomeki

Ntagaye, kijana wa mashine, ngoja kwanza.
Usinisogeze kando kama mtungi unaovuja.
Umenipangusa kidole mara tatu,
ukakipulizia, ukakibana, ukamwita mwenzako,
mashine ikalia ti, taa ikawa nyekundu,
na nyuma yangu foleni ikaguna:
"Hawa vikongwe wangepangiwa kesho yao."

Kesho yao.
Kesho si kitu cha kumkopesha mtu wa umri wangu.

Unatafuta mistari ya kidole. Nitakwambia ilikokwenda.
Mingine niliiacha Ubwari, kwenye chumvi na dagaa,
nikianika na kugeuza, nikigeuza na kuanika.
Mingine ilibaki kwenye ubavu wa mtumbwi
usiku tuliovuka ziwa tukipiga maji kwa viganja.
Mingine imo humuhumu Nyarugusu,
ndani ya matofali ya nyumba tatu nilizojenga;
mbili mvua imeshazila.
Na hiki cha shahada, hiki unachokibana,
kiliishia kwenye mihogo ya watu:
debe moja la kumenya, kikombe kimoja cha chumvi.

Kwenye kadi nimezaliwa Januari mosi.
Mwanangu, Januari mosi. Jirani yangu Asende, Januari mosi.
Mbuzi wa Asende angekuwa na kadi
naye angezaliwa Januari mosi.
Mama alisema nilikuja na kumbikumbi,
mvua ya kwanza, alfajiri, miguu ikitangulia.
Hilo hamkuwa na mahali pa kuliandika.

Sikio la kushoto limechoka, akili haijachoka.
Ukisema polepole naelewa.
Ukipiga kelele nasikia kelele.

Kikundi cha kukopeshana walinitoa kwa adabu,
wakanifungulia na soda:
"Mama Wabiwa, ukituaga na mkopo
tutamdai nani?"
Niliinywa soda yote.

Darasa la cherehani mwisho miaka thelathini na tano.
Anayefundisha pale, gauni lake la kwanza la shule
nililishona mimi, kwa mkono, kwa uzi wa gunia.
Alinisalimia vizuri. Akafunga mlango.

Choo mlikichimba, magoti mkayasahau.
Hakuna hata kijiti cha kushikilia,
basi tangu jioni sinywi maji, nisije nikaanguka gizani.
Asubuhi zahanati wananiambia: bibi, unywe maji.
Kichwa kinauma? Uzee.
Mguu umevimba? Uzee.
Siku hizi hata njaa nikiwatajia
wanaandika uzee.

Penye wazee, husema, haliharibiki neno.
Tazama basi: neno limeharibika hapa mezani,
mzee nipo, nimesimama tangu saa kumi na mbili,
na hakuna aliyeniuliza kitu
isipokuwa mashine.

Lete mkono wako, Ntagaye. Usiogope, sing'ati.
Mistari yako mizuri, kama shamba lililolimwa jana.
Ulisema kwenu ni Makere, hapo karibu.
Una bibi? Analima?
Siku aliyokwenda kusajili laini ya simu
ile mashine ndogo ilimjua?

Mbona unatazama chini.

Sikukuuliza ili nikuaibishe.
Nimeuliza kwa sababu yeye yuko kwao,
ana mpaka wa shamba, ana makaburi anayoyapalilia,
na bado alirudi nyumbani akijinusa vidole
kama mtu aliyeshika kitu kibaya.
Mimi nina kadi hii tu, na huyu Asende
anayeweza kukuapia kwamba mimi ni mimi.
Muulize. Waulize hao wanaoguna:
watano kati yao niliwapokea wakitoka tumboni
kwa mikono hii hii isiyosomeka.

Au andika kwa kalamu. Kalamu unayo, iko sikioni.
Wabiwa. Herufi sita, hazilii ti.

Hutaki?
Haya, tujaribu kidole kingine.
Ninavyo tisa.