Kadi ya Neno Moja

Karatasi naiponda mwenyewe, hapa Langoni:
mitihani ya zamani, ya madrasa na ya shule,
nailoweka siku tatu kwenye karai
mpaka alama nyekundu za walimu
ziyeyuke, zigeuke waridi hafifu.
Nachuja kwa kipande cha chandarua.
Mihuri nachonga kwa nyayo za malapa
yanayotapikwa na maji upande wa Shela;
kisigino kimoja hutoa maua manne ya mlango.

Kadi za Idi hujiuza. Za harusi hunilisha.
Za pole nazikata usiku, bila redio.

Kisha akaja Mwanahawa Shekuwe,
akakaa juu ya kreti la soda,
buibui lina vumbi la chokaa,
akataka kadi ya dada yake, Tima,
aliyetoka Shela ya hapa akahamia Shela ya Malindi:
jina lile lile, na miaka tisa katikati,
kisa chumba kimoja cha marehemu mama yao,
kile chenye zidaka.

Nikampa ushairi, maana ndiyo biashara:

     Dada niliyekukosa, moyoni hukukoseka,
     Vimepita vile visa, wakati wa kutamka,
     Rudi nyumbani kabisa, mlango umefunguka,

Hakungoja mshororo wa nne.
"Huyo si mimi," akasema. "Mimi na Tima
hatujawahi kusemezana kwa vina.
Andika 'Ndoo'. Basi."

Nikatuma michoro Malindi, kwa Kazungu mwenye mashine,
hamsini za Idi na hii moja.
Akapiga simu: "Fundi, umeteleza.
Umemwandikia mtu chombo cha maji.
Nimekurekebishia, nimeweka 'Njoo'."

Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikanyamaza.
Kweli, shuleni tulichapwa kwa neno hilo.
Mwalimu wa bara alikuwa akiuliza,
ndoo ipi, ya bati au ya plastiki?
Lakini mama akiita kutoka jikoni,
nani kati yetu aliwahi kukimbia kwa "njoo"?

Nikamwambia Kazungu afute yake, aniachie yangu.
Hiyo moja nikaifanya kwa mkono.
Neno nikaliandika mara mbili kwa wino wa nili,
herufi za Kiarabu kulia, za Kizungu kushoto,
kama mama yao alivyoandika madeni ya duka.
Chini nikachora ndoo, ya bati, imebonyea ubavuni,
maana Mwanahawa alikumbuka:
waliiangusha kisimani pamoja,
wakachapwa pamoja.
Asiyejua Kiamu ataona picha na jina lake.
Tima atasikia sauti.

Kimya. Ramadhani ikaisha,
zikaisha na sita za Shawwali.
Hamsini za Idi zilikwisha zamani;
mbili zilirudi, anwani haijulikani.

Ndipo kifurushi kikashushwa Mokowe kutoka juu ya basi,
kikavushwa. Nje kimeandikwa neno moja: "Kamba".
Karani akakinusa,
akakiweka kivulini wasije wakaoza.

Mwanahawa alikifungulia hapa, mezani pangu,
kwa kisu changu cha mihuri.
Kamba ya makumbi, mpya,
bado inawasha vidole. Barua hakuna.
Akaipima kwa mikono, pima baada ya pima,
midomo ikihesabu. Saba.
"Ndiyo kina cha kisima chetu," akasema,
si kwangu.

Akaizungusha begani, akatoka
bila kuaga, na bila kulipa ile kadi.

Sijamdai. Nina kisigino cha lapa mkononi
tangu alasiri, na kisu, na taa,
natafuta namna ya kuchonga kamba
isionekane nyoka.