Nguvu Iliyotumika

Ulaanbaatar, saa nane za usiku, baridi ya kupasua mawe.
Moshi wa makaa umeulalia mji kifuani
na watoto wanaletwa wakikohoa, mmoja baada ya mwingine,
kama vile nyumba zote zimekubaliana kukohoa.

Mimi ni mlinzi. Niliajiriwa kwa ajili ya mabega haya.
Ujanani nilicheza mieleka; nilibwaga wanne kwenye nyasi,
na wa tano, ambaye angenipa jina la Mwewe,
alinibwaga mimi.
Mkurugenzi hakuuliza kingine.

Ukumbini watu arobaini, viti kumi na vinane.
Ubaoni namba sitini na tatu.
Gantumur, mpakia makaa, ana tisini na moja
na binti yake amemfutika ndani ya koti la ngozi ya kondoo;
kinaonekana kikofia tu.

Aliuliza mara ya kwanza kwa adabu.
Mara ya pili kwa meno.
Mara ya tatu akapiga kioo cha dirisha la mapokezi.
Mara ya nne mkono wake ulikuwa na stendi ya dripu,
chuma kizima, juu ya bega.

Nilimkumbuka Tsermaa.
Baridi iliyopita alipigwa chupa ya chai kwenye taya.
Sasa anauza soksi za sufu sokoni, hajarudi,
na ripoti yake, nakala tatu zenye mihuri,
moja niliiona imewekwa chini ya chungu cha maua.

Nikainuka. Mwili wangu unajua neno moja tu.
Narmandakh akainua kidole chake kidogo:
ngoja.

Akatoka nyuma ya kioo.
Hakumkabili uso kwa uso; alisimama ubavuubavu,
mikono wazi, usawa wa kiuno,
akamwachia njia ya mlango.
Sauti akaishusha, akaishusha,
mpaka yule bwana akalazimika kunyamaza ili asikie.

“Anaitwa nani?”

Alikuwa amejiandaa kuambiwa *tulia*.
(Sijamwona bado mtu aliyetulia kwa kuambiwa tulia.)
“Solongo,” akasema, na jina likamkata sauti.

“Umesubiri saa tano. Ni nyingi.
Daktari ni mmoja, na hivi sasa yuko na mtoto asiyepumua.
Siwezi kukudanganya kwamba anakuja.
Ninachoweza ni kumpima Solongo pumzi hapahapa, ukiona.
Hicho chuma, nikupokee, au utakiegemeza ukutani mwenyewe?”

Akakitazama kama kitu alichokabidhiwa na mpita njia.
Akakiegemeza. Polepole, asimwamshe mtoto.

Kifaa kikabana kidole kidogo kuliko kiberiti.
Themanini na tano.
Narmandakh hakusema neno. Alimchukua mtoto akakimbia,
baba nyuma yake, mlango ukabaki ukipiga.
Kumbe ile ghadhabu, pamoja na ubaya wake wote,
ilikuwa imebeba habari ya kweli
na sisi tulikuwa tunasoma namba.

Alfajiri nilimkuta stoo, ameketi juu ya katoni za glavu.
Chai ya chumvi ilimwagika kabla haijafika mdomoni,
mikono ilikuwa inamdai alichoizuia usiku kucha.
“Usiandike mimi ni shujaa,” akaniambia.
“Andika muuguzi mmoja, watu arobaini.
Andika kitufe cha dharura hakilii tangu Oktoba.
Andika kesho nitaogopa kuja, na nitakuja.”

Gantumur hakuomba radhi. Nilimwona kwenye korido,
amepiga magoti, kisu cha mfukoni mkononi,
moyo ukanilipuka,
kumbe anakaza gurudumu la ile stendi, lililolegea miaka.
Ndani, Solongo alikuwa anapumua hewa ya mtungi.

Nikajaza fomu. Nakala nne safari hii;
ya nne iko ndani ya buti langu.
Tarehe. Saa. Mahali. Majeruhi: hakuna,
nikafuta, nikaandika: bado.
Penye *nguvu iliyotumika*,
ambapo miaka yote nimeandika mabega,
niliandika: kidole kidogo.