Ushahidi Zaidi

Avoka ameandika kutoka Marekani, usiku wetu, mchana wake:
Dada Kavira, tuwaonyeshe kwamba wewe
ni miongoni mwa wale wachache
waliofika kileleni mwa fani yao.

Kileleni nimefika mara arobaini na moja.
Nimelala ukingoni mwa Nyiragongo, kipimo cha gesi kifuani
kama mtoto mwenye homa,
nikashuka na soli zilizobanduka
na magoti ambayo hadi leo hunitangazia mvua kabla ya redio.
Hilo, anasema, halina fomu.

Anauliza: una makala ngapi?
Hapa Goma makala hupimwa kwa gunia.
Mama aliyauza soko la Virunga,
vidole vyeusi vikihesabu karo yangu.
Nikiyajumlisha na yale saba yenye jina langu
(katika mawili wamelikosea)
nadhani nawazidi wengi.

Halafu barua sita za sifa.
Bora zitoke, anasisitiza, kwa watu wasionijua.
Wasionijua!
Basi Mama Nsimire wa Bulengo hafai,
aliyenikuta kifudifudi shambani kwake, mkono shimoni,
akadhani nimekufa kama mbuzi wake wanne,
akanivuta kwa miguu huku akinitukana.
Ananijua mno.

Mazuku hayana harufu.
Hutambaa, hulala bondeni, hungoja.
Kwa mtu mzima ni ubaridi wa magotini.
Kwa mtoto aliyeinama kuokota mpira
ni ziwa lisilolowanisha.
Nilichomeka vigingi thelathini,
rangi nyekundu hadi pale kifo kinapoishia.
Kumi na viwili vilikwenda jikoni.
Simlaumu mtu. Maharage hayaivi kwa sayansi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, tulifunzwa.
Nami nimejitembeza kurasa mia mbili na tisa,
ndani ya siberi ya Birere,
umeme ukikatika katikati ya neno "bora",
kijana wa mashine ya kuchapa akiuliza,
Dada, huyu unayemsifu hivi, ameshakufa?

Jumanne jibu limekuja.
Hawajakataa. Hawajakubali.
Wanaomba ushahidi zaidi.
Siku themanini na saba.

Jumatano alfajiri niko Bulengo.
Mama Nsimire ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwangu,
Leo ukianguka nakuacha, asema, na kamba anaizungusha mkononi mara ya pili.
Nashusha koroboi taratibu.
Mwali umesimama.
Umeinama kidogo, kama anayesikiliza.
Umekata.
Sentimita sabini na sita kutoka ardhini.
Mwezi jana zilikuwa hamsini.

Nimeandika tarehe. Nimefungua kopo la rangi.
Mjukuu wake, Asifiwe, bado ana tongotongo machoni,
amekuja kusimama kando ya kigingi,
akijipima,
na rangi mbichi imemgusa kidevu.