Taa ya Kulia

Alhamisi, saa nne asubuhi, Toruń. Theluji imeganda kwenye vioo,
nami namvisha Bi Bogumiła kofia ya nyaya,
nyaya sitini na nne, kila mmoja na tone lake la jeli baridi.
"Unanipaka kama bibi harusi," asema.
Nacheka, napoteza hesabu, naanza upya.

Kazi yenyewe ni mchezo:
endesha gari kwenye barabara inayopindapinda,
ikitokea alama ya kijani, bonyeza;
ikitokea nyekundu, iache ijipitie.
Mikono miwili, macho mawili, kichwa kimoja.
Hapo ndipo penyewe.
Kichwa hakishiki mawili. Huruka toka hili hadi lile
kama panzi, na kila mruko una ushuru wake,
na ushuru huo tunaudai kwa sehemu za elfu za sekunde.
Wiki ya kwanza alilipa mia tatu na kumi na mbili.

Fisi wa njia mbili alipasuka msamba, na hadithi ikaishia hapo.
Sisi tunamwokota fisi, tunamkalisha kitini,
tunamwambia: jaribu tena, safari hii tunakupima.

Ana miaka sabini na sita.
Ishirini na tisa ya hiyo aliimaliza mbele ya ubao wa simu
katika hospitali ya mji,
akichomoa huku, akichomeka kule:
wodi ya wazazi, jikoni, dobi, chumba cha maiti.
"Mmenipata nimekwisha fundwa," asema,
na gari lake la kwenye skrini linagonga ua.

Wiki ya kumi na mbili: mia moja themanini na nane.
Profesa Drwal alipiga kofi moja tu, kama mtu anayeua mbu.
Mstari kwenye grafu ulishuka, ukatulia.
"Bibi, umerudi msichana wa miaka ishirini!"
"Na magoti?" akauliza. "Yatarudi lini?"

Fomu yetu ina swali la kumi na saba: na nyumbani, je?
Aliandika kwa penseli, herufi za kulala:
Jumanne nimeunguza supu ya bitiruti. Nilikuwa nasikiliza redio.
Basi ufundi wa mchezo umebaki mchezoni,
kama mtu aliyejifunza kuogelea ndani ya beseni.
Profesa ataliweka hilo kwenye tanbihi,
kwa herufi ndogo, chini, pasipofika macho.

Siku ya mwisho, namvua kofia,
nywele zake nyeupe zimesimama vishungivishungi.
Akaanza kusema bila kuulizwa, macho kwenye skrini iliyozimwa.

"Usiku mmoja ziliwaka taa mbili kwa pamoja.
Nikashika ya kushoto.
Daktari, anauliza kama gari lake limeshafutwa barafu.
Limeshafutwa, nikamwambia. Nikageuka kulia.
Imezimika."

Kitambaa mkononi mwangu kilikuwa kimekwisha lowa.

"Hakupiga tena. Asubuhi nilisoma daftari la vifo, jina kwa jina,
kana kwamba jina litanijibu.
Ndiyo maana nimekuja kwenu.
Nilitaka mtu anipimie lile pengo,
kati ya kuchomoa na kuchomeka, upana wake kiasi gani."

Ningeweza kumpa namba. Namba tunazo, za kumwaga.
Lakini hizo ni za alama ya kijani na barabara ya kuchora,
si za usiku ule.

Ndipo simu yangu ikatetema.
Napenda kusema niliipuuza. Sikuipuuza:
mkono ulikwisha fika mfukoni kabla sijautuma,
na yeye akauona ukienda.

Jeli ilikuwa inamchuruzika shingoni.
Alichukua kitambaa, akaanza kujifuta mwenyewe.
"Mfuko wa kulia," akasema.
"Pokea, mwanangu. Mimi nipo."